Dakika Mbili

Lamara alirudi kibandani kwangu mara ya tatu,
theluji mabegani, kipanya ndani ya soksi ya sufi,
akakiweka mezani kama anayerudisha samaki aliyeoza.
"Kimekufa tena, Zviad. Na hiki ndicho ulichoniuzia."

Betri nilikuwa nimebadili, jozi tatu.
Kipokezi, kile kidogo kama punje ya hindi,
nimekihamisha tundu la kushoto, tundu la kulia.
Nimelaumu maikrowevu ya jirani, rauta ya jirani,
nikaishia kumlaumu jirani mwenyewe.
Kisha nikamwuzia kipanya kipya, lari ishirini na tano,
na usiku ule nikalala vizuri.

Kwangu hakifi. Hilo ndilo lililonitia haya.
Kwangu kinakimbia mezani, mshale unakifuata,
kompyuta imechomekwa ukutani, inakunywa umeme bila hesabu.
Fundi asemaye "mbona hapa kinafanya kazi"
ni tabibu amwambiaye mgonjwa: mbona mimi siumwi.

Nikafunga kibanda, nikamfuata.
Lifti ya jengo lao hula sarafu ndipo ipande.
Ghorofa ya saba, chumba kimoja kina joto,
vingine viwili vimefungwa, blanketi chini ya mlango.
"Nabana gesi," akasema. Kompyuta nayo
ilikuwa mapajani mwake, waya wa umeme umeviringishwa kabatini.

Anaandika kamusi ya lugha ya bibi yake,
lugha ya kule juu Svaneti, ambako barabara huzibwa na theluji
na maneno hubaki huko huko.
Ana kaseti arobaini na moja.
Anasikiliza neno, anasimamisha kanda,
anatazama dirisha.
Neno lina maana mbili. Au lina moja na nusu.
Mikono imetulia. Chai inapoa.
Nami sikusema kitu, nikaangalia saa.

Dakika mbili.
Akashika kipanya, na mshale ukawa umeganda.

"Huwa unanyamaza hivi kwa muda gani?"
"Mpaka neno lije."

Nikafungua orodha ya vifaa,
nikateremka hadi kwenye matundu, moja baada ya jingine,
kila moja na ukurasa wake wa umeme,
kila ukurasa na kisanduku, kila kisanduku na tiki.
Nikamsomea kwa sauti:
*Ruhusu kompyuta izime kifaa hiki ili kuokoa umeme.*

"Nani aliiruhusu?"
"Imetoka kiwandani imesharuhusiwa.
Ukitulia, inadhani umeondoka."

Akacheka, chai ikamwagikia herufi ya nne.
"Miaka ile ya giza," akasema, "umeme saa moja kwa siku,
mama alilala kitanda kile, mimi hiki.
Kimya kikizidi naita: Mama, upo?
Anajibu kwa hasira: Nipo! Nafikiri tu!"

Nikaondoa tiki. Zote. Hata za matundu asiyoyatumia.
Tukanywa chai bila kugusa kitu,
dakika mbili, tano, kumi na moja,
akasukuma kipanya kwa kidole kimoja
na mshale ukaruka kama uliositishwa katikati ya sentensi.

"Betri itakwisha mapema," nikamwonya, "robo saa hivi."
"Robo saa," akasema, "nitaidai kwa mwingine."

Nikamrudishia fedha yake. Akakataa.
Tukavutana mlangoni mpaka akapokea ishirini,
tano zilizobaki akasema ni za lifti.

Lifti ilikula sarafu, haikuja.
Nikashuka kwa ngazi, taa zikiwaka mbele yangu
na kuzimika nyuma. Kati ya ghorofa ya nne na ya tatu
nikamkumbuka dereva mmoja wa teksi na kibodi yake,
na muuguzi mwenye vipokea sauti vya masikioni,
wote niliowaambia: kimekufa, nunua kingine.
Nikasimama, najaribu kukumbuka majina yao.

Taa ikazimika.

Nikakaa gizani kidogo, jina la muuguzi likiwa ulimini,
kisha nikapunga mkono.