Pigo la Tano

Ndekirwa, nimekaa safu ya tatu, kiti cha plastiki,
hapa kwenu Kidia, migomba imenipa mgongo.
Msoma wasifu amevaa miwani ya kuazima.
Anasema ulizaliwa, ukapata kipaimara,
"marehemu alikuwa mpiga ngoma,"
kisha anageuza ukurasa.

Ukurasa wenyewe ndio huo aliougeuza.

Kiwandani kwa kahawa ulikuwa na miaka kumi na sita,
ukibeba magunia chini ya mashine ya kukoboa.
Mkanda wake ulichakaa: ulipiga mapigo manne,
la tano ukaliruka, kama mtu aliyesahau neno.
Fundi akaja, akaubadilisha.
Wiki nzima hukulala. Ukaniambia:
"Wamemnyamazisha, na ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema."

Tulijiita Njoro Jazz, na jazi yenyewe hatukuijua.
Tulijua rumba, chacha, suti za kijivu za mkopo,
Jumamosi ukumbi umejaa makarani wa reli na wake zao.
Wewe peke yako uliitikia jina la bendi.
Usiku ule wa Saba Saba, katikati ya wimbo,
uliliachia pigo likaanguka, hukuinama kuliokota.
Ukalaza mnyororo wa baiskeli juu ya toazi,
ukagonga ukingo, ukagonga kiti, ukagonga kimya.
Miguu ya wachezaji ikabaki hewani.
Mke wa stesheni masta aliteguka kifundo.

Asubuhi tulipiga kura nyuma ya bohari.
Mikono mitano ilinyooshwa.
Wa kwanza ulikuwa wangu,
mimi wa gita la besi,
niliyepaswa kuwa pacha wako.

Daktari mmoja wa macho, Mjerumani wa KCMC,
ndiye aliyekutafutia tiketi.
Kadi yako moja ninayo bado, muhuri wa Hamburg:
"Tunapiga chini ya ardhi, watu ishirini na wawili.
Wanakaa kimya kama kanisani.
Ninawakosa wale wanaoanguka."

Santuri moja. Dakika arobaini,
na hakuna pigo lililorudiwa.
Niliihifadhi miaka sita kabla ya kupata gramafoni.
Nikaisikiliza dakika tatu, nikanyanyua sindano.
Nilimwambia mke wangu imekwaruzika.

Ulirudi na koti zito na sikio moja.
Pasua wakakujua kwa majiko ya bati;
wateja wakanung'unika, jiko gani la siku nne?
Hawakujua kwamba kila bati
ulilisikiliza kwanza, ndipo ukalikata.

Treni zilipokoma, ulishuka stesheni jioni
na nyundo ndogo ya kazi.
Unagonga taruma moja la chuma. Unangoja.
Unaruka mawili, unagonga jingine.
Watoto walikuita kichaa.
Mimi, Ndekirwa, nilivuka barabara nisikusalimie,
nikasimama kwenye duka la mbegu, nikajifanya nauliza bei,
nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne.
Nikaishiwa na hesabu, na wewe bado unaendelea.

Sasa matarumbeta ya usharika yamenyamaza.
Yalipiga vizuri, wote pamoja, kama gwaride.
Mchungaji amemaliza habari za mavumbi.
Vijana wanne wameshika makoleo
na udongo unashuka juu ya mbao,
kila mmoja kwa saa yake:
huyu, wale wawili, jiwe, huyu tena, changarawe ya nyongeza
iliyoteleza bila kutumwa.
Yule wa shati la buluu anasita afute jasho.

Hapo ndipo mguu wangu wa kulia,
huu wenye baridi yabisi,
unainuka wenyewe kutoka kwenye nyasi.

Siushushi.