Kizingiti

Nilikiweka kwenye hasi sitini kile kizingiti,
nikajisifu: nyumba imetulia.
Hakuna tena ule mkaango, mafuta yanayolia bila kitoweo,
ulioninyima usingizi tangu theluji ya kwanza.
Bawabu nimemweka mlangoni, nikamwagiza:
asiye na kifua asiingie.

Kaamanen, saa tisa alasiri, giza tayari.
Jua hatujaliona wiki ya pili sasa.
Antena imevaa barafu kama mkono uliofungwa plasta.
Wenye kifua walipita:
dereva wa greda akiulizia dizeli,
Elle-Risten akiwatukana mbwa wake kwa heshima,
kisha kimya.
Nikabandika kahawa.

Mjomba Heaika sikio la kulia lilimfia kwenye misumeno ya injini,
la kushoto linachagua.
Lakini macho anayo. Akavuta kiti mbele ya kompyuta,
akayatazama yale maporomoko ya rangi yakiteremka kiooni,
buluu juu ya buluu,
akagusa kwa ukucha: "Huyu nani?"

Uzi.
Mwembamba kama unywele ndani ya uji.
Unakatika, unaunga, unakatika.
Mtu anaongea, nasi tumestarehe.
Mtu amebisha hodi, na hodi, na hodi ya tatu,
ile ambayo baada yake mgeni hugeuka akaenda zake,
na bawabu wangu amekunja mikono.

Nikashusha. Hasi sabini. Themanini.
Themanini na sita: mlango ukaachia,
makelele yote ya mbinguni yakaingia na viatu vyao.
Kwa pupa nikapandisha ukuzaji hadi mwisho,
na hapo ndipo nilipoharibu.
Mnara wa mpakani ukafurika, ukazaa mapacha,
vivuli vya sauti kila nilipogeuka,
uzi ukazama humo.

"Punguza," akasema mjomba. "Anayenong'ona humfokei."

Desibeli arobaini. Thelathini na mbili.
Ishirini na nane, na kelele ikainama
chini kidogo tu ya uzi,
kama watu wanaompisha mtoto mbele.

Ndani ya mkaango, Jovnna:
"...mkanda umekatika... ziwa... kaskazini ya ua wa kulungu... niko na..."

Na nani? Na nini?

Mjomba ameshavaa kofia, anatafuta buti la pili.
Mimi nimeshika redio ya mkononi,
na maneno yote ya dharura niliyofundishwa yamenitoka,
limebaki lile la mlangoni:
"Karibu, Jovnna. Nakusikia. Karibu. Rudia."

Kahawa ilichemka hadi ikaungua.

Walirudi usiku wa manane, yeye na ndama aliyemfunika kwa koti lake,
vidole viwili vyeupe, anacheka ovyo.
Hakuuliza kwa nini nilichelewa. Mjomba naye hakusema.

Mkaango ule bado umo chumbani.
Nalala nao.