Kata Haisemi

Nimeilaza kabichi nje, barazani,
usiku wa Jumanne na usiku wa Jumatano.
Winnipeg mwezi wa kwanza, jokofu la nini?
Nyuzi thelathini chini ya sifuri,
salamu ya jirani huganda kabla hajaimaliza.
Mavyaa ndiye aliyenifundisha.
"Maji ya moto huilazimisha," alisema. "Baridi huibembeleza."

Alhamisi alfajiri naiingiza ndani,
nzito kama jiwe la kusagia,
naiweka beseni, nakwenda kazini.
Jioni naikuta imelia maji yake yote,
na majani yanaachana yenyewe, moja moja,
laini kama leso iliyofuliwa miaka.
Hakuna hata moja lililopasuka.
Moja tu, nalo nimelila.

Karatasi yake nimeibandika juu ya sinki,
mwandiko umeinama kama unaokwepa upepo.
Nyama ya ng'ombe ya kusaga, ratili mbili.
Mchele, konzi moja. Konzi ya nani?
Yake ilikuwa ya kitoto, yangu ni ya mchimba mtaro.
Kitunguu. Zabibu kavu. Nyanya za kopo.
Ndimu na sukari guru, "mpaka ziache kugombana."
Basi. Hapo karatasi inakwisha,
chini kabisa kuna doa la mafuta lenye umbo la sikio.

Nakunja upande huu, nakunja upande ule,
naviringisha kama mkunga anavyomfunga kichanga.
Mbili mbili nazilaza sufuriani, zigusane,
maana mavyaa alisema zikilala hivyo
ni Torati, gombo la kulia na gombo la kushoto,
na mtu mzima hatupi gombo ovyo.
Lazar anachungulia.
"Mbona zimekuwa kama ndala?"
Namfukuza na mwiko.

Saa mbili motoni. Naonja.
Tamu ipo. Uchachu upo. Siyo yenyewe.
Kuna kitu nyuma ya ulimi hakijafika,
kama mgeni ambaye kiti chake kimekwisha wekwa.
Naongeza ndimu. Naongeza sukari. Ugomvi unaanza upya.
Siri ya mtungi, wahenga husema, muulize kata.
Kata ninayo, ni yake, inaning'inia msumarini.
Haisemi.

Anayejua ni wifi yangu Gitel, kule Hamilton,
na Gitel hatujasemeshana tangu matanga,
tangu zile siku saba za viti vifupi na vioo vilivyofunikwa,
kwa sababu ya sufuria hii hii.
Yeye aliitaka. Mimi niliitoa chini ya koti,
nikitembea kama mja mzito mbele ya waombolezaji.

Napiga simu. Inaita mara sita.
"Mchuzi wa mama," nasema. Hata shikamoo sikutoa.
Kimya. Kisha:
"Biskuti za tangawizi. Sita. Zisage.
Hakukuandikia?"
Hakuniandikia.
"Mimi hakuniandikia mchele," anasema.
"Tangu Pasaka napika mawe ya nyama,
nikilaumu jiko."

Bi kizee yule! Alitugawia mapishi
kama mtu anayechana noti ya benki katikati.

Hatucheki. Karibu tucheke.
Yeye halitaji neno sufuria, nami silitaji.
Nasaga biskuti kwa chupa ya divai,
simu nimeibana kati ya sikio na bega,
na upande wa pili, ambako saa imetutangulia kwa moja,
nasikia bomba likifunguliwa
na mchele ukioshwa, maji ya kwanza, maji ya pili.

"Usiile leo," anasema mwishowe.
Najua. Hailiwi siku ya kwanza.
Kesho, mishumaa ikishawashwa, itakuwa imekubali.

Nazima moto. Nafunika.
Sufuria simpi.
Labda kifuniko.