Ua wa Hatua Sita

Bogumił ananiwekea mezani kamera ya mti wa mjozi,
shaba yake imesuguliwa hadi inaringa,
mvukuto mwekundu unanyooka kama treni ya kwenda Warsaw.
"Hii," asema, "itatuzika wewe na mimi."

Nzuri. Naipenda. Siitaki.

Lenzi yangu nimekuja nayo ndani ya soksi,
milimita sabini na tano, mboni imemtoka kama bundi.
Naipachika. Nasukuma ubao nyuma, nyuma tena,
makunjo yanabanana kama nguo
katika sanduku lisilokubali kufungwa,
na ninapotaka kuipandisha lenzi
kwa upana wa kidole kimoja tu
mvukuto unagoma, unaivuta chini.
Kwenye kioo cha ukungu, ukingo wa juu,
naona ulimi wa kamera yenyewe:
imejipiga picha.

"Basi tumia lenzi ndefu," asema. "Urudi nyuma kidogo."

Nirudi nyuma wapi?
Ua wa shangazi Walentyna una hatua sita.
Ya saba ni ukuta,
na mbele yangu orofa tano, kamba za nguo,
dirisha lenye birika la bluu,
mbingu kipande, kiasi cha leso.
Penye nia pana njia, sawa.
Hapa pana ua, wala si pana.
Pana siku kumi na moja kabla ya tingatinga.

Nilishajaribu kamera ndogo, nikaielekeza juu,
nyumba ikalala chali kama mlevi.
Shangazi aliishika ile picha mbali na macho yake.
"Wataibomoa," akasema. "Wewe usiwatangulie."

Bogumił anaingia stoo. Nasikia maboksi, nasikia matusi.
Anarudi na kitu cha kijivu, kifupi, kisicho na shingo,
katikati kiriba cheusi, legevu
kama shavu la mtu aliyevua meno ya bandia.
"Hakuna anayeinunua. Haifiki mbali.
Bibi harusi huwezi kumpiga sura yake tu.
Kazi inayoijua ni kujikunja."

Naipachika lenzi. Inakaa.
Kati yake na kioo, vidole vinne,
na humo duka lote limening'inia miguu juu:
saa tatu zisizokubaliana, ngazi, redio,
Bogumił na kikombe chake, chai haimwagiki.
Naipandisha lenzi. Kiriba kinafuata
bila kuuliza.

"Pembeni patakuwa na giza," ananionya.
Namwambia pale uani pembeni pana giza
tangu enzi za viwanda vya nguo.

Nahesabu zloti juu ya meza, noti, kisha sarafu,
kisha zile za ndani ya koti.
Kamera ya mjozi inatutazama kwa jicho lake tupu.

Shangazi ataniuliza bei.
Nitamdanganya.