Asilimia Sita ya Mauzo

Mkataba una kurasa arobaini na moja.
Nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti,
kama mtu anayemsomea mgonjwa dawa zake.

Ukurasa wa kwanza wananipongeza.
Wa tatu wanataja kiingilio: milioni themanini,
hairudi, hata duka likifa kabla halijatambaa.
Kisha matangi manne ya chuma, yanayong'aa
kama sufuria za bibi harusi zisizojua moshi;
kisha chumba kizima cha baridi;
kisha kimea cha shayiri, kutoka kwao tu,
kwa bei yao, hata kama cha jirani ni nusu.

Bwana Ulomi alikuja na shati lenye nembo kifuani.
Akapima ukumbi kwa hatua, nami nikahesabu naye kimoyomoyo,
kumi na nane kwa kumi na moja.
Akagonga ukuta wa godauni aliloniachia mume wangu,
ambalo hadi leo linanuka katani mvua ikinyesha.
"Mama Semkiwa," akasema, "hapa pesa imelala."
Nikamjibu, "Chumbageni hii, saa nane mchana,
nani asiyelala?"
Akacheka. Hilo hakuliandika.

Nikamuuliza: umeme ukikatika siku mbili,
bia ikachacha ndani ya matangi, hasara ya nani?
Akafungua ukurasa wa ishirini na sita.
Yangu.
Na asilimia sita?
Yao.
Ya faida?
Ya mauzo, mama. Ya mauzo.
Yaani hata nikiuza kwa hasara
wao wanakula kwanza,
mimi naosha sahani.

Mama yangu alipika boha kambi ya mkonge, Ngomeni:
miwa ya kutwanga, tunda la mvungunya, na subira.
Daftari lake lilikuwa ukuta wa jiko,
kijistari cha mkaa kwa kila kata ya mkopo,
na siku ya mshahara aliufuta kwa pindo la kanga.
Leseni yake ilikuwa jogoo kwa karani kila Pasaka.
Boha ya Jumamosi haikufanana na ya Jumatano.
Wakata mkonge walionja, wakatazamana:
"Leo Mama Nakijwa ana neno moyoni,"
wakanywa polepole.

Sisemi alitajirika.
Alikufa akiidai kambi nzima,
na ukuta ulipopakwa chokaa
deni lote likawa jeupe.
Ndiyo maana nilisoma uhasibu.
Ndiyo maana nasoma kila kifungu.

Ukurasa wa thelathini na tatu: ladha isibadilike.
Usiongeze, usipunguze, usibuni.
Glasi ya Tanga iwe pacha wa glasi ya Moshi.
Nimetafuta kifungu cha siku nitakayoamka na hasira.
Hakipo.

Yapo mengine ambayo Bwana Ulomi hakuyapima kwa hatua.
Ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa mbele wa Bi Mwanaidi.
Miaka ishirini na tatu, Idi analeta, Krismasi napeleka.
Kimea kikichemka, harufu haibishi hodi,
na walevi hawajui mlango upi ni wa chooni
na upi ni wa mtu anayetawadha.

Jana alinipitishia bakuli la mbaazi za nazi
juu ya ukuta, kama kawaida.
"Nasikia mnapima ukumbi."
"Tunapima tu, bibi."
"Kupima si dhambi," akasema, akijifunga ushungi upya.
Alishageuka, akarudi hatua moja.
"Ila bakuli langu unirudishie leo."

Hajawahi kulidai bakuli.
Lina maua ya buluu, limemeguka ukingoni,
limekaa kwangu hata miezi mitatu bila neno.

Nililiosha. Nikalipeleka kabla ya magharibi,
tupu, mara ya kwanza tupu,
maana sikujua nitie nini.

Usiku nikarudi kwenye hesabu.
Kiingilio. Matangi. Baridi. Kimea. Leseni ya manispaa.
Jenereta na dizeli yake. Mishahara ya watu saba.
Chini kabisa nikaandika: bakuli, moja.
Kwenye safu ya bei kalamu ikasimama,
na wino ukaanza kufanya doa.