Daftari la Mizani

Shuleni mwalimu alitufunza mizani, nane kwa nane,
tukahesabu silabi kwa vidole chini ya dawati.
Hapa Carlisle mizani ni ya chuma, ina kutu mguuni,
na kazi yangu, kila Alhamisi, ni kuhesabu kilo
katika ghala lililo chini ya kanisa.

Upepo ukigeuka, mtaa mzima hunukia biskuti.
Kiwanda hakilali. Harufu haina bei,
huingia hata nyumba ambayo jikoni mwake
mna chumvi, majani ya chai
na taa ya friji.

Duka la mtaani kwetu lilifungwa Novemba.
La pili liko ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima
kwa mwenye goti bovu,
na basi la Jumapili lilifutwa kwa barua ya mistari mitatu.

Februari sita. Maharage ya kopo, kilo arobaini na moja.
Samaki wa kopo, kumi na mbili, mawili yamebonyea.
Maziwa ya unga: hakuna.
Bi Mavis Routledge alikuja na mfuko ndani ya mfuko.
"Si vyangu," akasema, "ni vya jirani."
Nikapima viazi, sikuinua macho.
Namjua huyo jirani.
Majira yangu ya kwanza ya baridi nami nilikuwa naye.
Alikula sana, jirani yangu,
wala hakuwahi kuja mwenyewe.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Mimi nilipewa mwaka wa tatu,
pamoja na fomu ya kurasa kumi na saba
na Bwana Hetherington wa halmashauri akiuliza
kama mboga zetu zitawazibia njia wazima moto.
Kiwanja chenyewe kiko nyuma ya reli ya zamani:
vipande vya matofali, chupa, kiatu kimoja cha mtoto.

Nzigire wa Bukavu alitaka kupanda Aprili.
Bi Mavis akachuchumaa, goti likalia,
akateka udongo, akaugusisha shavuni
kama anayepima homa.
"Bado una baridi. Ngojeni miiba ile
ya kando ya reli itoe maua meupe."
Ikatoa. Tukapanda.
Baadaye ndipo tulipojua kuwa marehemu mumewe
alilima papo hapo, hadi mafuriko yakachukua
kibanda, majembe, na hamu.

Haba na haba, tunaambiana, hujaza kibaba.
Kibaba chetu kina tundu, nimelichungulia:
kodi ya nyumba hupitia humo, na gesi,
na zamu zinazokatwa usiku kwa ujumbe wa simu.
Sukuma haizibi tundu hilo. Sitalidanganya daftari.
Kilo mia mbili na kumi na mbili tangu Juni,
watu mia tatu na ushei.
Gawanya mwenyewe.

Hata hivyo, Alhamisi iliyopita palikuwa na foleni ya mchicha.
Kijana Callum, anayeishi juu ya dobi,
akauliza unapikwaje, na Nzigire akampikia hewani,
kitunguu hewani, karanga hewani,
mpaka watu wakameza mate.
Bi Mavis akaja na mfuko mmoja tu.
Jirani hakutajwa.

Leo asubuhi maboga mawili hayapo.
Nyayo za mtu mzima, na nyingine ndogo ubavuni pake,
zinakwenda hadi penye pengo la uzio.
Bwana Hetherington anataka kufuli, anataka ripoti.
Safu ya Yaliyoibwa ninayo, haijaguswa na wino.
Nikachukua boga lililobaki, lililolingana nayo,
nikalipandisha kwenye chuma: kilo tano na nusu.
Mara mbili, kumi na moja.
Nimeandika chini ya Yaliyogawiwa.