Kamera ya Mkono wa Kushoto

Ilikuja kwa posta kutoka Dubai,
ndogo kama kiberiti, nyeusi, na kijicho kimoja,
na Mundhir akakesha nayo sebuleni
akiifunga, akiifungua,
skrubu mdomoni kama fundi cherahani na pini zake.

Kwanza alimvisha kozi mgongoni.
Gramu kumi na tisa, akasema, hata hatazihisi.
Kozi akazihisi.
Akaigeuza ile shingo yake isiyo na haya,
akang'oa ukanda, akang'oa na manyoya yake mwenyewe mawili,
akaitazama kamera pale chini
kama bibi harusi aliyeletewa dhahabu ya kuazima.

Akaijaribu kofiani: ikamwangukia kwenye chai.
Akaijaribu kwenye kioo cha gari: ikaleta tetemeko tupu.
Mwisho akaifunga juu ya glavu,
mkono wa kushoto, pale anaposimama ndege,
kwa utepe mweusi na vipande viwili vya mpira wa baiskeli,
na alfajiri ya Ijumaa wakatoka Bidiya,
yeye, kozi, na njiwa wa mazoezi ndani ya boksi la tende.

Kuhariri ni kazi yangu. Mimi ndiye mwenye kompyuta.
Wenzake wa ofisini Maskati wanataka dakika tatu:
ndege aruke, apige, muziki uingie.
Mimi nimeletewa saa mbili na nusu.

Nimeona nini?
Tundu za pua za kaka yangu.
Anga. Kidevu. Anga.
Ukucha mmoja, mkubwa kama komeo la mlango.
Kofia ya ngozi inafunguliwa kwa meno
na jicho linatokea, jeusi, duara la njano pembeni,
na ndani ya jicho, mdogo kabisa,
mtu aliyenyoosha mkono.
Kisha uzito unaondoka: picha nzima inapanda kidogo
kama mzani ulioondolewa jiwe.

Hakurudi.

Mkono umeshuka, kamera imesahauliwa.
Dakika ya arubaini: viatu.
Dakika ya sitini: viatu, kivuli cha mghafu, viatu.
Anazungusha kamba ya manyoya, nasikia inavyochana upepo.
Anamwita kwa Kiarabu, kwa ile sauti ya wafuga kozi,
nzito, ya kifuani,
mpaka sauti inamkauka.
Anakohoa. Kimya.
Na kinachotoka baada ya hapo
si Kiarabu.

"Njoo mama. Njoo basi.
Nani kakuudhi? Njoo ule, chakula kinapoa."

Huyu ndiye Mundhir anayewaambia watu kazini,
Kiswahili? La, hicho cha wazee, mimi nasikia kidogo tu.
Huyu ndiye aliyemnong'oneza mama mbele ya wageni
azungumze kama watu.
Mama akanyamaza jioni nzima, akamimina kahawa.

Na hapa, jangwani, hakuna mgeni,
anambembeleza ndege jike
kama sisi tulivyobembelezwa tulipojificha chini ya kitanda
tukiwa tumenuna, hatutaki kula:
"Njoo mama. Mimi sina ugomvi na wewe."

Ameniandikia: kile kipande cha kutembea kikate,
hakina kitu.
Nimekikata. Nimekihifadhi peke yake,
sikukipa jina, tarehe tu.

Leo nimekifungua tena, sauti juu,
mlango wa jikoni wazi, mama anakanda unga.
"Njoo mama," inasema kompyuta. "Njoo basi."
Na mama, bila kugeuka:
"Naja, baba, naja. Nanawa mikono."

Kozi alirudi adhuhuri, Mundhir anasema,
akatua juu ya gari kama aliyetumwa dukani.
Mimi sikuona. Betri ilishakwisha.

Maji ya bomba yanafungwa.
Nasikia ndara za mama zinakuja ukumbini,
na kwenye kioo
bado ni viatu.